Kupiga eko (ultrasound ya moyo) Mwanza nikiwa na miaka 66: uzoefu wangu

Naishi Mabatini, juu kabisa kwenye mawe. Miaka mitatu nilikuwa napumzika mara nne kabla sijafika mlangoni kwangu. Zahanati niliyoizoea wakasema ni presha na utu uzima. Vidonge walivyonipa vikaniletea kizunguzungu kila nikiinuka. Nikalalamika, wakaniongezea dozi.

Mwanangu ndiye aliyenipeleka kliniki ya moyo hapa mjini. Bima yake ililipa, kwa hiyo bei siijui. Foleni balaa: tumefika saa moja asubuhi, nimeingia saa nane. Nendeni na chakula chenu, chapati za pale ni za jana.

Ila daktari hakuanza na mashine. Aliniuliza, "Mzee wangu, kwenu yupo aliyeanguka akafa ghafla angali kijana?"

Nikanyamaza. Mdogo wangu alianguka mwaloni akivuta nyavu, ana miaka 41. Kwetu Ukerewe tulisema karogwa, na jirani mmoja hatujasalimiana naye mpaka leo.

Basi akanilaza ubavu wa kushoto, akanipaka ile jeli ya baridi, akanibana kifaa mbavuni. Mara, "Vuta pumzi, ibane, sukuma kama uko chooni." Aibu, lakini ndipo alipoona damu inavyobanwa ikitoka moyoni. Akanigeuzia skrini: ukuta wa katikati ya moyo, milimita 19. Ukifika 15 kwa mtu mzima, na hakuna sababu nyingine ya kuunenepesha, wanashuku ugonjwa wa kurithi wa msuli wa moyo. Presha yangu, alisema, haikuwa ya kufikisha ukuta huko. Na vile vidonge vilikuwa vinatanua mishipa, vikizidisha kule kubanwa. Akanibadilishia vya kupunguza mapigo, akanikataza kushinda juani bila maji.

Wiki ya tano hii, napumzika mara moja tu, pale kwa muuza mkaa.

Nyota moja nawanyima. Ripoti ni Kiingereza na vifupisho vitupu, na lile la watoto, kwamba kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kurithi, nimeambiwa nimeshashika kitasa cha mlango. Ninao sita! Wanne wameshapima, na hata waliokutwa wazima wameambiwa watarudia. Wa Geita anasema hana muda. Kitinda mimba anasubiri likizo.