Mazimwi Wanane Boksi Moja: Seti ya Universal ya Kutazama Oktoba, na Karatasi za Kuning'iniza Ukutani

Ukiwa na pesa ya kununua seti moja tu ya filamu za kale za kutisha kabla ya Halloween, nunua Universal Classic Monsters: The Essential Collection. Ni boksi la Blu-ray (diski za filamu zenye picha ang'avu kuliko DVD) lililotoka mwaka 2012, studio ya Universal ilipotimiza miaka 100. Ndani mna filamu nane: Dracula na Frankenstein, zote za 1931, The Mummy (1932), The Invisible Man (1933), Bride of Frankenstein (1935), The Wolf Man (1941), Phantom of the Opera (1943) na Creature from the Black Lagoon (1954). Zote pamoja ni saa kumi na dakika chache, kwa hiyo wiki ya mwisho ya Oktoba inatosha kabisa. Ipo seti kubwa zaidi ya filamu 30, ya mwaka 2018, lakini nyingi kati ya hizo ni mwendelezo uliotengenezwa harakaharaka. Anza na hizi nane.

Picha ndiyo sababu ya kwanza ya kulipia. Filamu hizi kwa miaka mingi zilizunguka katika nakala za nakala: nyeusi imekuwa kijivu, nyuso zimefifia, sauti imejaa mvumo. Dracula ndiyo iliyofaidika zaidi na urekebishaji. Filamu ile karibu haina muziki, ukiacha kipande cha Swan Lake kwenye majina ya mwanzo na muziki wa ukumbini katika tukio la London, na kimya hicho ndicho kinachomfanya Bela Lugosi, anayecheza Dracula, atishe. Penye kimya, kila mkwaruzo wa sauti husikika. Sasa umesafishwa, na ngazi za kasri, buibui na ukungu vinaonekana jinsi mpiga picha Karl Freund alivyoviwashia taa. Diski inakupa pia uchaguzi wa kusikiliza muziki ulioandikwa na Philip Glass miaka ya 1990 na kupigwa na Kronos Quartet. Ni mzuri, lakini mara ya kwanza tazama bila muziki huo. Unajaza nafasi ambazo filamu iliziacha wazi makusudi.

Kwenye diski hiyohiyo kuna hazina ambayo wengi huipita: Dracula ya Kihispania. Mwaka 1930, kabla watu hawajazoea kutafsiri sauti, Universal iliingiza waigizaji wengine usiku kwenye mandhari zilezile za studio ambazo kundi la Kiingereza lilitumia mchana. George Melford aliongoza, Carlos Villarías akacheza Dracula na Lupita Tovar akawa Eva. Ina dakika 104 dhidi ya 75 za Kiingereza, na kamera yake inatembea zaidi. Usishtuke ukiona picha inachakaa ghafla katika sehemu moja: kipande hicho cha mkanda kilikuwa kimepotea, kikapatikana katika hifadhi ya filamu ya Cuba, na hali yake haikuwa sawa na mikanda mingine. Si kosa la deki yako.

Frankenstein na Bride of Frankenstein zitazame usiku mmoja. Ya kwanza ni dakika 71, ya pili 75, na zote zimeongozwa na James Whale. Hakikisha nakala yoyote unayonunua ya Frankenstein ina tukio la mtoto Maria kando ya ziwa, zimwi linapomtupa majini, likiwa kamili, pamoja na maneno ya daktari kwamba sasa anajua ilivyo kuwa Mungu. Wadhibiti wa filamu walivikata vyote viwili kwa ajili ya maonyesho ya marudio, na nakala duni zinazouzwa bei ya kutupa bado huwa zimekatwa. Bila tukio la ziwa, hasira ya wanakijiji haieleweki, na mtazamaji hubaki kudhani jambo baya zaidi kuliko lililotokea. Katika seti hii vyote vipo.

The Invisible Man inahitaji jicho la subira. John P. Fulton alimvalisha mwigizaji mahameli nyeusi mwilini, nguo za kawaida juu yake, akampiga picha mbele ya ukuta wa mahameli nyeusi, kisha akaunganisha mkanda huo na ule wa chumba. Kwa ung'avu wa Blu-ray utaona mara mojamoja mstari mwembamba kuzunguka kola au mkono wa shati. Hiyo ni alama ya kazi ya mikono ya mwaka 1933, na nafurahi kwamba waliorekebisha hawakuifuta.

Zilizo dhaifu nazitaja bila kuzunguka. Phantom of the Opera ina rangi za Technicolor (mfumo wa filamu za rangi wa enzi hizo) zilizoipatia Oscar ya upigaji picha na nyingine ya mapambo ya seti, ila ni opera zaidi kuliko kitisho. The Mummy inakwenda polepole, na Boris Karloff, mwigizaji wake mkuu, anaonekana ndani ya bendeji kwa muda mfupi tu mwanzoni. Creature imo pia kwa 3D, lakini kampuni kubwa zimeacha kutengeneza runinga za 3D, hivyo bila projekta inayofaa utaitazama ya kawaida, ambayo bado ni nzuri sana, hasa matukio ya chini ya maji.

Sasa runinga yenyewe, maana hapa ndipo watu huiharibu picha waliyoilipia. Zima kile kipengele kinacholainisha mwendo: Samsung walikiita Auto Motion Plus, na kwenye runinga mpya Picture Clarity, LG hukiita TruMotion, Sony hukiita Motionflow. Kikiwa kimewashwa, filamu ya fremu 24 kwa sekunde hugeuka kuonekana kama taarifa ya habari. Shusha ukali wa picha, kwenye runinga nyingi hadi sifuri au karibu nayo, kwa sababu ukali wa ziada huchora mistari myeupe pembeni mwa vitu na kuzidisha chengachenga za mkanda. Runinga yako ikiwa na Filmmaker Mode, iwashe na mengi ya hayo yatajiweka sawa. Umbo la picha liache lilivyo: isipokuwa Creature, filamu hizi zinakaribia mraba, kwa hiyo nguzo nyeusi kushoto na kulia ni haki yake. Ukivuta picha ijaze kioo, Karloff atakuwa mnene na mfupi. Sauti ni ya mono, yaani ya mkondo mmoja. Zima mpangilio wa kuitawanya kwenye spika tano, la sivyo mazungumzo yatasikika kama yanatoka kisimani. Maandishi ya chini yapo ya Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Ya Kiswahili hayapo.

Kwa aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Muscat kuna suala la kanda za dunia. Diski za Blu-ray hugawanywa A, B na C: Amerika na Japani ziko A, Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ziko B. Deki iliyotengenezwa kwa soko letu itakataa diski iliyofungwa kwa A, na hakuna mpangilio kwenye menyu wa kuirekebisha. Soma nyuma ya boksi kabla ya kulipa, au mwombe muuzaji picha ya upande huo. Hapa ndipo seti za 4K, zenye picha ang'avu kuliko Blu-ray, zinapopata faida: diski za 4K Ultra HD hazina kizuizi cha kanda. Icons of Horror ya 2021 ina Dracula, Frankenstein, The Invisible Man na The Wolf Man; ya pili, ya 2022, ina nne zilizobaki. Ukiwa na deki ya 4K na runinga yenye HDR (inayopanua tofauti ya mwanga na giza), nunua hizo badala ya boksi la 2012. Vivuli vina kina zaidi. Namba ya kupakulia filamu mtandaoni inayowekwa ndani ya matoleo ya Marekani usiihesabu kwenye thamani, kwani kwa kawaida hutumika hukohuko tu.

Ukishazitazama utataka kitu cha ukutani, na Oktoba ndiyo wakati mbaya kuliko yote kununua karatasi halisi, yaani mabango na kadi za sinema za enzi hizo, kwa sababu kila mtu anatafuta. Subiri Januari au Februari. Bango la kawaida la sinema la Marekani la enzi hizo ni inchi 27 kwa 41; kadi za lobi, zilizowekwa kwenye ukumbi wa kuingilia, ni inchi 11 kwa 14 na kwa kawaida huja seti ya nane; kadi ya dirishani ni 14 kwa 22. Mabango ya mwaka 1931 yenyewe yasahau: mwaka 2017 bango moja la Dracula liliuzwa katika mnada wa Heritage Auctions kwa dola 525,800. Kwa bajeti ya mtu wa kawaida, pendekezo langu ni kadi za lobi za Realart, kampuni iliyorudisha filamu za Universal kwenye majumba ya sinema mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950. Ni karatasi za kweli, zilitundikwa kwenye sinema za kweli, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya zile za kwanza.

Kukagua si kazi ngumu ukiwa na vitu viwili. Cha kwanza ni lenzi ya kukuza mara 10. Weka juu ya herufi za jina la filamu: kwenye chapa ya kweli herufi huwa rangi iliyojaa, ukingo wake umekatika safi, kwenye nakala iliyopigwa skani herufi zenyewe zimeundwa kwa nukta, na mara nyingi utaona hata mikunjo ya bango la asili imechapwa kama picha. Cha pili ni taa ya urujuanimno, ileile wenye maduka wanayokagulia noti. Karatasi ya 1931 au 1941 haipaswi kung'aa buluu nyeupe, kwa kuwa kemikali za kung'arisha karatasi zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Karatasi ya 1954 inaweza kung'aa, hivyo kwa Creature kipimo hiki hakitoshi.

Halafu soma pembe ya chini kulia. Kuanzia 1940 mabango mengi ya Marekani yalipitia National Screen Service, kampuni iliyoyasambaza kwenye sinema, na kupewa namba inayoanza na mwaka, mfano 54/ na tarakimu nyingine. Ikitanguliwa na R, ni ya marudio. Muuzaji anayekuambia "halisi ya 1931" juu ya bango lenye R51 ama hajui anachouza ama anajua sana. Mabango makubwa ya kabla ya miaka ya 1980 yalikuwa yakisafirishwa yamekunjwa, mara tatu kwa upana na mara moja kwa urefu, hivyo la 1954 lisilo na mkunjo wowote liulizie maswali. Kama limebandikwa turubai, uliza kama ni kwa karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, inayoweza kubanduliwa kwa maji. Lililogandishwa kwa joto kwenye ubao usilinunue, na selotepu ya zamani ipunguzie bei, maana doa lake la kahawia haliondoki kirahisi.

Pwani, adui mkubwa ni unyevu. Mombasa, Tanga na Unguja hewa hupita asilimia 65 ya unyevu kwa urahisi, na hapo kuvu huanza kwenye karatasi. Hifadhi kadi kwenye mifuko ya poliesta, kamwe si ya plastiki ya PVC, pamoja na ubao usio na asidi na pakiti za silika unazozikausha au kuzibadilisha msimu wa mvua. Ukiweka fremu, tumia akriliki inayochuja urujuanimno, acha nafasi ya milimita chache kati yake na karatasi, na uning'inize kwenye ukuta wa ndani. Ukuta wa nje hutoa jasho nyuma ya fremu, na ukija kugundua, doa limeshapanda hadi katikati ya picha.