Bunduki ya mbogo: ipi ununue, na kwa nini bamba la chini likaguliwe kwanza

Tangu msimu ufunguliwe Julai nimepokea ujumbe mwingi kuhusu bunduki za wanyama wakubwa, na malalamiko yanafanana. Wa karibuni umetoka kwa kijana anayejifunza uwindaji bingwa huko kusini. Alinunua bunduki ya kaliba .458 iliyotumika: mtutu safi, kitako hakina ufa, bolti (chuma cha mkono kinachoingiza risasi na kutoa ganda) inateleza vizuri. Siku moja yeye na mwenzake walimfuata mbogo aliyekuwa amejeruhiwa na mgeni, yaani mteja wao wa uwindaji. Kijana akapiga risasi ya kwanza, akavuta bolti, akaisukuma, ikafunga chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu) ikiwa tupu. Risasi zake zilizobaki zilikuwa zimelala majanini kati ya viatu vyake. Bamba la chini la magazini, lile sanduku la risasi tumboni mwa bunduki, lilifunguka kwa teke la ile risasi ya kwanza. Aliyewaokoa ni mwenzake aliyekuwa pembeni na bunduki ya mitutu miwili.

"Dada," ananiandikia, "nimerudi kwa muuzaji, ananiambia mimi ndiye sijui kuishika."

Si kweli, na muuzaji anajua si kweli. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya kijana huyo na wote wanaojipanga kununua kabla ya msimu ujao.

Sitazungumzia shabaha. Mbogo anapigwa kwa umbali wa mita thelathini, hamsini, mara chache mia, na hakuna bunduki ya daraja hili inayoshindwa kupiga hapo. Darubini nayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Kuhusu kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi, huku kwetu Tanzania kima cha chini kwa wanyama hatari ni .375, na mtu akikuuzia 9.3x62 (milimita 9.3, yaani inchi .366) kwa maneno kwamba "inatosha tu", mwambie asante. Ni risasi nzuri. Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa makoloni, na hapa ilifanya kazi yake enzi hizo. Lakini kwa mbogo inapungukiwa kidogo na kipimo hicho, na wewe ndiye utakayejieleza. Ule ukucha mrefu wa Mauser unaoshika ganda tangu linapotoka magazini kila mtu anaujua, unasifiwa tangu 1898, na kila muuzaji atakuonyesha kabla hujauliza.

Asichokuonyesha ni komeo la bamba la chini.

Geuza bunduki ya bolti yenye magazini ya ndani. Chini yake, mbele ya kifyatulio, nyingi zina bamba la chuma lenye bawaba upande mmoja na komeo dogo upande wa pili. Kazi ya bamba hilo ni kukurahisishia kutoa risasi unaporudi garini au kambini: unabonyeza komeo, bamba linafunguka, risasi zinakuangukia mkononi. Sasa fikiria kinachotokea unapopiga. .458 Lott inatupa kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) cha gramu 32 kwa kasi ya karibu mita 700 kwa sekunde, na bunduki nzima inarudi nyuma kwa nguvu hiyohiyo. Risasi zilizobaki magazini hazitaki kurudi nayo. Zinagonga ukuta wa mbele wa sanduku, zinarukaruka, na chini yake springi ya magazini inasukuma bamba kwenda nje. Kinachozuia yote hayo ni jino la komeo ambalo katika bunduki nyingine halishiki hata milimita mbili. Jino likiwa limelika, au springi yake imechoka, bamba linaachia. Kuna bunduki ambazo komeo limewekwa ndani ya ulinzi wa kifyatulio, mahali ambapo kidole chako chenyewe kinaweza kulibonyeza teke linapokurudisha nyuma.

Kwa nini watu hawalioni mapema? Kwa sababu bunduki hizi hujaribiwa magazini ikiwa tupu. Dukani huoni moto kabisa. Kwenye uwanja wa shabaha mtu anaweka risasi moja moja, kwa kuwa risasi ni ghali na bega linauma, anapiga mbili au tatu, anaridhika. Mgeni akifika kambini ni vilevile: risasi moja kwenye karatasi, ya pili kuhakikisha, basi twende. Mara ya kwanza bunduki hiyo kufyatuliwa ikiwa imejaa inakuwa ni mbele ya mnyama. Jambo hili linanikera kuliko mengine yote katika biashara hii, maana ni kasoro inayogundulika kwa dakika kumi na bado watu wanaenda nayo porini.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa: hakikisha bunduki ni tupu, kisha ujaze magazini risasi za mazoezi zisizo na baruti. Funga bamba. Gonga kitako chini kwenye mkeka wa mpira mara kadhaa, kwa nguvu. Piga bamba kwa kiganja. Sukuma komeo kwa kidole gumba uone linahitaji nguvu kiasi gani. Likiachia kama swichi ya taa, acha. Baada ya hapo nenda uwanjani ukapige ukiwa umejaza magazini, risasi halisi, kaliba ileile na uzito uleule utakaotumia porini. Kila baada ya mlio mmoja tazama bamba, na utazame pia ncha za risasi zilizobaki zisiwe zimebonyea.

Sasa orodha yangu, kwa mpangilio ninaoupenda mimi.

Ya kwanza ni BRNO, na sifichi mapenzi yangu. Nazungumzia ZKK 602 ya zamani na mdogo wake, CZ 550 Safari Magnum, zote za kutoka Uherský Brod, Jamhuri ya Czech. Ukizunguka kambi za uwindaji za Rungwa au Moyowosi ukaangalia bunduki zilizochakaa rangi kwa kubebwa, nyingi ni hizi. Sababu ziko wazi. Mwili wake ulitengenezwa kwa urefu kamili wa risasi kubwa. Haukuanza kama bunduki ya swala ukaja kuchongwa ndani ili risasi ya .375 H&H (Holland & Holland) ienee. CZ 550 ya .375 inabeba risasi tano magazini. Ina kilo nne na ushei, na uzito huo unaolalamikiwa asubuhi unapotembea ndio unaokuokoa bega. Inakubali .416 Rigby bila kubanwa, na kwangu mimi hiyo ndiyo risasi ya mbogo. Rigby, watengenezaji bunduki wa London, waliitoa mwaka 1911, wakati baruti ya kordaiti ilikuwa inapandisha shinikizo vibaya kwenye joto, wakaipa ganda kubwa lenye nafasi ili shinikizo libaki chini. Kordaiti imepita, lakini jua la Oktoba halijapita. Risasi iliyoshinda kwenye gari wazi ikiingia chemba, .416 Rigby bado inatoa ganda lake kwa ulaini. Kichwa cha gramu 26, mita 730 kwa sekunde: mbogo anaelewa.

BRNO si malaika. Kagua komeo lake kama la nyingine yoyote, maana nyingi zimezeeka na springi zimechoka. Fundi mwenye leseni anabadilisha kwa muda mfupi. Kagua kitako nyuma ya bolti, hasa kwenye .416 na .458, mbao hupasuka hapo. Na kwenye ZKK za mwanzo sefti, yaani kizuizi cha usalama, inafanya kazi kinyume na ulivyozoea: ukiivuta nyuma ndiyo iko tayari kupiga. Jifunze hiyo mpaka mkono uijue gizani, au nunua iliyobadilishwa. CZ wameacha kuitengeneza 550, na hilo limeniuma. Sasa unatafuta zilizotumika, na wauzaji wameshaligundua hilo. Nitafika kwao.

Ya pili ni Ruger, na naiweka hapa kwa sababu moja: komeo. Ruger ni miongoni mwa wachache waliolifikiria tatizo hili mezani kabla ya mtu kufikwa nalo porini. Komeo la M77 limelala sawasawa na umbo la ulinzi wa kifyatulio, kwa kusudi hasa la kuzuia risasi zisimwagike unapopiga, na linafanya hivyo. Ukipata ile M77 Magnum ya zamani ya .416 Rigby au .375 H&H, ichukue, usisubiri kesho. Hawkeye African ya sasa ni nyepesi na nzuri mkononi, ila shida yake ni chakula. .375 Ruger ilitoka 2007, na ni risasi yenye nguvu, lakini begi la risasi likipotea uwanja wa ndege hutaipata kwa jirani. .375 H&H ipo tangu 1912 na karibu kila kambi ina boksi lake kabatini. Kama Ruger wangeitengeneza Hawkeye kwa H&H ningekuwa na kazi ngumu ya kupanga namba moja.

Ya tatu ni Winchester Model 70 ya .375 H&H. Inapendwa sana na wageni Wamarekani, na nawaelewa: sefti yake ya pembeni yenye hatua tatu inakuruhusu kutoa risasi kwenye chemba huku kifyatulio kimefungwa, na hakuna sefti nzuri zaidi. Tazama tu mwaka wake. Kuanzia 1964 waliondoa ule ukucha mrefu, ukarudi miaka ya 1990. Za kabla ya 1964 zina bei ya urithi. Za sasa zinatosha kabisa.

Mitutu miwili, dabo, naiweka ya nne, na najua nitaandikiwa. Haina magazini, haina bamba, haina komeo, kwa hiyo ugonjwa wangu haiujui. .470 Nitro Express kwenye Heym au Krieghoff inakupa risasi mbili za gramu 32 kwa haraka ambayo hakuna bolti inayoifikia, na ukiwa ndani ya kichaka unamfuata simba aliyejeruhiwa ungetamani kuwa nayo. Wawindaji bingwa wazee wanaoibeba hawaibebi kwa maonyesho. Tatizo ni kwamba mitutu yote miwili imelinganishwa kiwandani kwa risasi ya aina moja, ukibadilisha aina inaweza kupeleka huku na kule. Na bei yake ni bei ya gari. Kijana anayeanza asijitie deni hilo.

Blaser R8 itakuwa ya tano. Inavutwa moja kwa moja bila kuinua mkono wa bolti, ni haraka, na Wajerumani wanaipenda. Ila magazini yake inachomoka yote pamoja na kifyatulio, yaani ikidondoka njiani unabaki na bomba. Kuna kifungio cha ndani cha kuishikilia isichomoke. Ukiinunua, kifunge siku hiyohiyo ukisahau kwamba kinafunguka.

Rahisi zipo: Mossberg Patriot ya .375 Ruger, Remington 700 za zamani. Zinapiga. Kwa pofu na pundamilia sawa, kwa mbogo mimi sizipendekezi.

Sasa wauzaji. Kuna duka moja, silitaji, nililoomba kuijaribu .416 uwanjani ikiwa imejaa magazini, kwa risasi nitakazonunua mwenyewe. Jibu lilikuwa kwamba bunduki "haijaribiwi, inanunuliwa". Bidhaa ambayo maisha ya watu wanne yanaitegemea: mwindaji, mgeni, msoma nyayo na askari wa wanyamapori aliyetembea nao! Mwingine ananiuzia CZ 550 iliyotumika kwa bei inayozidi ile iliyokuwa mpya, eti haitengenezwi tena, lakini ukimuuliza imepiga risasi ngapi, nani alikuwa nayo, kitako kimewahi kuunganishwa, anatazama pembeni. Bei inatajwa kwa dola kwa kijana anayelipwa shilingi. Na risasi zenyewe zinauzwa nusunusu: boksi la vichwa laini lipo, boksi la vichwa vigumu vya kumfuatia mbogo aliyejeruhiwa "linakuja". Linakuja kutoka wapi, msimu ukiwa umeshaanza?

Usikubali kulipa bunduki kwanza ukasubiri risasi baadaye. Nunua vyote siku moja, kwa kibali kilichokamilika chini ya sheria ya silaha ya 2015, na kwenye risiti muuzaji aandike kwa mkono wake namba ya bunduki, kaliba, na kwamba unairudisha ndani ya muda mliokubaliana endapo bamba litafunguka ikiwa imejaa. Nimewahi kupata muuzaji aliyekubali kuyaandika hayo bila kubisha, na ndiye ninayewapeleka watu kwake hadi leo. Akikataa kuandika, mwachie bunduki yake. Yule kijana wa kusini nimemwelekeza kwa fundi mwenye leseni. Jino la komeo litachongwa upya na springi itawekwa ngumu zaidi, kisha wataijaribu ikiwa imejaa magazini kabla haijarudi porini.