Kitanda cha mninga, au cha rangi ya mninga?

Kitanda changu cha kwanza nilikinunua kwa jina la mninga. Kilikuwa chekundu, kinang'aa vanishi, na bei ilikuwa ya mninga kwelikweli. Mwaka wa tatu nikaanza kukuta unga wa mbao iliyotafunwa na wadudu chini ya chaga. Nilipokwangua rangi, ndani peupe kama muhogo. Tangu hapo sinunui kilichokwisha kupakwa. Namwomba fundi ubao mtupu, aukate na kuupiga randa mbele yangu.

Lowesha ncha iliyokatwa, uitazame juani. Mbao ngumu zina vitundu vidogo kama vya sindano. Paini haina, utaona mistari tu, mwembamba wa giza na mpana mweupe, ikipishana. Rangi ya dukani hupaka uso, haiwezi kutoboa vitundu.

Kwa kitanda au kabati la ndani, mimi napanga hivi.

1. Mninga. Sifa yake si ugumu, ni utulivu. Mbao nyingi zikikauka husinyaa na kupinda. Mninga husinyaa kidogo sana, ndiyo maana droo za kabati la zamani hufunguka masika kama zinavyofunguka kiangazi. Rangi huanzia kahawia ya dhahabu hadi wekundu, mara nyingi zote mbili kwenye ubao mmoja. Vitundu vyake ni vikubwa. Usoni vinaonekana kama mikwaruzo mifupi ya kahawia. Ubao wenye wekundu wa aina moja tupu, kama umechovywa, utilie shaka. Utomvu mwekundu kama damu unaosifiwa hutoka mti ukiwa mbichi, usiutafute dukani. Cha kutafuta ni weupe wa pembeni: sehemu hiyo ya nje ya mti ndiyo wadudu huanza nayo, hata kwenye mninga halisi.

2. Mtiki (msaji). Mafundi wengi watanibishia kwa kuuweka juu ya mkongo. Lakini mtiki hupandwa, kwa mfano Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, wakati mninga na mkongo hutoka msitu wa asili. Mwaka 2022 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliiweka mninga na mkongo kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali. Mtiki ukiupapasa una mafuta kidogo, ukiunusa una harufu ya ngozi. Ubaya wake ni mbao za miti michanga: weupe mwingi, kiini chembamba. Kuliko ubao wa namna hiyo, heri paini iliyotiwa dawa.

3. Mkongo. Mzito kuliko mninga, rangi ya chungwa iliyoiva, na vitundu vingi vimejaa kitu cha manjano au cheupe. Kwa mlango ningeuweka wa kwanza. Kwa kitanda cha mpangaji anayehama kila mwaka, waonee huruma wabebaji. Ukilowa unaweza kuacha manjano kwenye shuka.

4. Paini. Ile ya Sao Hill, Mufindi, haina kosa ikiuzwa kwa jina lake na bei yake. Kucha inaacha alama, vifundo vipo, harufu ya utomvu haifichiki. Iliyotiwa dawa mara nyingi huwa na ukijani.

Mvule nauacha kwa milango ya nje. Mpingo si wa vitanda. Ni mzito hata unazama majini.

Ukavu nao usiusahau, maana mninga mbichi hupinda kuliko paini kavu. Inua mbao mbili za kipimo kimoja kutoka rundo moja. Iliyo nzito zaidi huenda bado ina maji, hata kama muuzaji ataapa.

Mkielewana bei, jina la mti na maneno "bila weupe" yaandikwe kwenye risiti, kisha rudi karakana siku ya kuunganisha, kabla vanishi haijafunguliwa. Mimi huenda na wembe mfukoni.