Euforbia ya miiba: uzoefu wangu hapa Kisumu

Kama unaishi Kisumu na huna muda wa kushika mpira wa maji kila jioni, sijaona kichaka cha maua kinachoishinda euforbia ya miiba (Euphorbia milii), ile ambayo wengine huiita taji la miiba. Nilinunua miche ya aina fupi, myekundu na ya manjano, kwa wauza miche wa kando ya barabara, shilingi 150 kila mmoja. Mpaka leo haijapita magoti, wala sijaishikia mkasi kwa sababu ya urefu.

Asili yake ni Madagaska. Jua la Januari na Februari likiwaka hapa, nyasi hukauka zote. Yenyewe hupukutisha majani kidogo na kuendelea kuchanua. Hicho unachodhani ni ua ni majani mawili madogo yenye rangi, na maua yenyewe ni madogo sana, yapo katikati. Ndiyo maana rangi hudumu.

Kinachoiua ni maji. Udongo wetu mweusi ukinyeshewa haupitishi kitu, na mvua za huku zinazokuja jioni na radi huacha madimbwi hadi asubuhi. Muuzaji aliniambia niinue tuta, nichanganye mchanga, kokoto na samadi kidogo iliyooza. Ushauri ule ulikuwa na thamani kuliko miche yenyewe, maana jirani aliyepanda bila tuta, mashina yake yalilegea na kuoza masika yalipoanza. Mbuzi wa mtaani, walionimalizia waridi, hunusa na kwenda zao.

Sasa ubaya wake. Ukivunja tawi hutoka utomvu mweupe unaowasha ngozi, na ukiingia machoni ni hatari. Vaa glavu, nawa kwa sabuni. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, singeipanda karibu na mlango hata nikipewa bure. Halafu ndago ikiota katikati ya miiba ile, kuing'oa ni adhabu.

Kuizalisha ni rahisi: kata tawi, liache kivulini siku kadhaa mpaka lilipokatwa pakauke, ndipo ulichomeke kwenye mchanga. Ukilichomeka bichi linaoza. Safu yote ya kuelekea getini nimeipata kwenye matawi ya ule mwekundu, na majirani wameshaanza kuyaomba.