Kangaruu na wombati: mifuko miwili, milango tofauti

Wote ni mamalia wa Australia wanaolea mtoto mfukoni, ila mifuko yenyewe imegeuziana mgongo. Wa kangaruu unafunguka kwa juu, kama mfuko wa aproni. Wa wombati unatazama nyuma, na sababu ni kazi: mama anachimba shimo kwa kucha, na udongo anaourusha ungemfukia mwanawe.

Kwa uzazi, mimi nampa ushindi kangaruu mwekundu. Mimba yake huchukua siku 33 hivi tu. Kitoto huzaliwa hakijafika hata gramu 1, kipofu, hakina unyoya, ukubwa wa punje ya haragwe. Kinajikokota chenyewe kwenye manyoya ya mama hadi mfukoni, kinashika chuchu na kukaa humo miezi kama minane. Akishahama, kaka mtu bado huingiza kichwa kunyonya, huku mdogo wake yumo ndani kwenye chuchu nyingine. Na maziwa ya chuchu hizo si mamoja, kila mtoto na yake! Mimba nyingine nayo inaweza kusimama tumboni ikisubiri zamu.

Wombati hana foleni hiyo. Kwa kawaida huzaa mmoja, basi. Ila kinyesi chake hutoka na pembe kama dadu, na hilo kangaruu haliwezi.