Darubini ya 10x50 kwa kuitazama Vesta: inatosha, ila usitegemee picha

Ukitoka Dodoma mjini kuelekea Bahi au Kongwa, kati ya Juni na Septemba mawingu yakiwa haba, darubini hii ya mkononi (hukuza mara 10, lenzi za mbele zina upana wa milimita 50) inakuonyesha Vesta, asteroidi yaani mwamba mkubwa unaolizunguka Jua, bila shida ikiwa katika nafasi nzuri. Utaona kinyota tu. Asteroidi yenye upana wa kilomita 525 hivi, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita milioni 160 hata ikitukaribia, haiwezi kuonekana vingine.

Namna ya kuitambua: chora nyota zote zilizomo kwenye lenzi, urudie usiku wa tatu. Iliyohama ndiyo Vesta. Kwa siku husogea takribani nusu ya upana wa Mwezi. Hulizunguka Jua kwa miaka 3.63, na nafasi nzuri, yaani Dunia ikipita kati yake na Jua, hurudi kila baada ya miezi 16 au 17, kwa hiyo usizembee.

Kasoro ni uzito: karibu kilo moja, mikono hutetemeka na kinyota hucheza. Egemeza viwiko juu ya boneti ya gari, injini ikiwa imezimwa. Kasoro kubwa zaidi kwa huku kwetu ni vumbi. Usifute lenzi kwa kanga, chembe za mchanga zitaikwaruza. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha brashi laini.