Nyumba ya Barbados iliyonuka, na swali la upepo ambalo sikuuliza

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa nikijiambia litapita. Halikupita. Kila nikifungua simu nikaiona picha ya ile baraza, na bahari nyuma yake inang'aa kama kanga mpya, hasira zinanirudi mbichi. Basi acha niandike, maana sisi Waswahili tulioko Uingereza siku hizi tunaikimbilia Karibi, na kila anayekwenda huulizwa jambo moja: mlifikia wapi?

Sisi tulifikia pabaya, na aliyepachagua ni mimi.

Safari ilikuwa ya visiwa vitatu. Barbados siku nne, Bequia siku tano, Grenada wiki moja. Ilikuwa katikati ya mwaka, skuli zimefungwa, nauli zimeshuka kidogo kwa sababu ni msimu wa vimbunga. Baba watoto aliniachia kazi ya kutafuta malazi, akasema, "Wewe ndiye mtoto wa bahari." Kweli nimezaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Zanzibar. Mama yangu kalima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza kwetu mwishoni mwa miaka ya themanini, na mimi mwenyewe nimefunga mbegu kwenye kamba kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana jambo hili limeniuma kuliko lilivyomuuma mtu mwengine yeyote nyumbani.

Nyumba ilikuwa upande wa mashariki wa Barbados, parokia ya St Philip. Tulifika usiku. Tuliposhuka kwenye gari tu, binti yangu akaziba pua. Harufu ya mayai viza. Nikadhani ni karo limeziba, nikajiambia asubuhi litazibuliwa. Tukalala madirisha yamefungwa, na kiyoyozi kinapuliza hewa ya vuguvugu.

Asubuhi nikafungua mlango wa baraza. Ule mchanga mweupe wa kwenye picha haukuwepo. Kulikuwa na lundo la mwani wa rangi ya kahawia, limefika magotini, limeenea kutoka mwamba mpaka mwamba, juu limekauka na chini linaoza, nzi wamejaa. Na majini, mpaka mbali, maji yenyewe yalikuwa kahawia. Mawimbi yalikuja polepole, kama yamebebeshwa mzigo.

Sasa nifahamike vizuri. Kuja kwa mwani ule si kosa la mtu. Ni sagasamu, mwani unaoelea, hauna mizizi, una vibofu vidogo vya hewa vinavyoubeba juu ya maji. Tangu mwaka 2011 umekuwa ukisukumwa kwa wingi kutoka kati ya Atlantiki, kuanzia upande wa Afrika Magharibi na Brazili, mpaka visiwa hivi. Mwaka 2018 ulizidi mpaka serikali ya Barbados ikatangaza hali ya dharura ya kitaifa. Ukishatua pwani ukaanza kuoza hutoa gesi ile ya mayai viza, na gesi hiyo inaumiza kifua. Binti yangu ana pumu. Siku ya pili alikuwa ameivuta pampu yake mara nyingi kuliko anavyoivuta wiki nzima ya baridi huku Uingereza.

Kwa hiyo sikumgombeza mtu kwa sababu ya bahari. Nilimpigia mwenye nyumba nikamwomba aje. Akaja. Mzee wa makamo, suruali imepigwa pasi. Nikamwamkia kwanza, kwa sababu nilivyolelewa salamu hutangulia, na kwa sababu Barbados nako ni hivyo hivyo: ukiingia dukani au kwenye basi bila kusema habari za asubuhi, watu wanakuona huna malezi. Hilo nililipenda sana kwa watu wa nchi ile. Dereva anaamkiwa, bibi aliyekaa kiti cha mbele anaitikia, watoto wa skuli wanaitikia. Huyu peke yake hakuitikia. Alinipita, akaenda kusimama barazani akaiangalia bahari, akasema, "Hayo ni maumbile."

Nikamwambia, sawa, ni maumbile, lakini picha ulizoniwekea hazina maumbile haya. Mtoto wangu hapumui vizuri. Kama kuna chumba upande mwengine tuhamishie, au turudishie pesa za siku zilizobaki, tutafute mahali.

Akageuka, akacheka. Akasema: "Si uliniandikia kwamba mnatoka Zanzibar na mama yako analima mwani? Watu wa mwani mnaogopa mwani?"

Ni kweli niliandika. Wakati wa kuweka nafasi aliniuliza tunatoka wapi, nami kwa furaha nikamweleza habari za kwetu, nikamtaja mama. Neno nililompa kwa mapenzi akalihifadhi, akaja kunipiga nalo usoni mbele ya mume wangu na mwanangu.

Mwani wa mama yangu haujawahi kunuka vile. Unavunwa ukiwa hai, unaanikwa juani, unabaki na harufu ya chumvi. Wanawake wa Jambiani na Paje wamejenga nyumba za mawe kwa mwani, wamesomesha watoto kwa mwani, wamesimama majini tangu maji kupwa mpaka kujaa, migongo imepinda. Mimi nimesoma kwa mwani. Leo mtu ananifananishia kazi hiyo na lundo la uozo alilonificha ili nilipe!

Nilipomweleza tena habari za pumu akasema, "Fungeni madirisha." Akaondoka. Pesa hakurudisha.

Nilitaka kuandika siku ile ile kwamba mtu asikanyage upande wa mashariki wa kisiwa chochote cha Karibi. Nashukuru sikuandika, maana si kweli. Nitafika hapo.

Usiku nikampigia mama. Nilitegemea anionee huruma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, hukuuliza upepo?"

Sikuwa nimeuliza. Niliuliza intaneti, niliuliza jiko, niliuliza umbali kutoka uwanja wa ndege. Sisi kwetu upepo unahama. Kaskazi ikivuma pwani hii inachafuka na ile inatulia, kusi ikija mambo yanageuka, na kila mtu wa pwani anajua mwezi gani akae wapi. Karibi upepo hauhami hivyo. Unatoka mashariki, mwaka mzima, kutoka Atlantiki. Maana yake kila kisiwa kina joshi na demani yake isiyobadilika: mashariki ni upande wa juu unaopigwa, magharibi ni upande wa chini uliokingwa. Chochote Atlantiki inachokibeba, mashariki ndiyo inayokipokea kwanza. Wenyeji wa kule wana majina yao kwa pande hizo mbili, hata makundi ya visiwa yameitwa kwa upepo. Mimi niliyekuwa nikisikia maneno ya joshini na demani kwa babu yangu nahodha nilikwenda kuchagua nyumba kwa kuangalia rangi ya mapazia.

Siku ya tatu tukahama kwa pesa zetu. Tulipata chumba kidogo karibu na Holetown, magharibi, hakina baraza, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Bahari ilikuwa dakika saba kwa miguu, safi, imelala kama maji ya kwenye bakuli. Binti akalala usiku mzima bila kukohoa. Ni kisiwa kimoja, siku moja, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Basi la serikali unalipa dola tatu na nusu za Barbados popote uendapo, na kituo kimeandikwa kama basi linakwenda mjini au linatoka mjini, huwezi kupotea. Kumbe tungeweza kulala magharibi na kwenda mashariki asubuhi moja kutazama mawimbi na kurudi.

Kwa Bequia nitafupisha maneno, ingawa ndiko nilikofurahi zaidi. Unafika St Vincent kwa ndege, unapanda feri Kingstown, kama saa moja hivi unaingia ghuba ya Admiralty, ambayo imefunguka magharibi. Mama aliyetukodisha chumba cha mlimani aliniandikia kabla sijalipa hata senti: ngazi ni nyingi, maji ni ya mvua yanayokingwa kutoka paani kwa hiyo msiyachezee, na jogoo wa jirani huanza kabla ya alfajiri. Yote matatu yalikuwa kweli. Ngazi zilituchosha, tulioga kwa kujipimia, na jogoo yule nilimshukuru kwa sababu aliniamsha kwa ajili ya sala. Nilimpa nyota zote. Aliniambia kasoro zake mwenyewe, nikalipa huku nikizijua.

Grenada tulipanga nyumba nyuma ya ufukwe wa Grand Anse, juu ya kilima, si ufukweni. Bei ilikuwa nafuu, na basi namba 1 linapita hapo hapo kwenda St George's. Grenada inanitoa machozi kila nikiikumbuka. Bendera yao ina kungumanga! Mtu wa Zanzibar akisimama sokoni St George's, akanusa karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, hana tena haja ya kuulizwa kama amepapenda. Muuzaji mmoja alinieleza jinsi kimbunga Ivan mwaka 2004 kilivyoing'oa mikungumanga yao, mti ambao unausubiri miaka mingi ndipo uzae sawasawa. Nikamweleza mikarafuu ya Pemba. Tulikaa pale kama ndugu waliopoteana.

Na chakula chao cha taifa ni shelisheli la nazi, limeungwa kwa manjano na majani ya magimbi. Wao hutia nyama ya chumvi, mara nyingi mkia wa nguruwe, kwa hiyo Mwislamu aulize kwanza. Jirani wa nyumba ile aliposikia hatuli nguruwe alitupikia sufuria nyingine kwa samaki, na hakutaka malipo.

Carriacou, kisiwa kidogo kilicho chini ya Grenada, tulikwenda na kurudi siku moja tu. Kimbunga Beryl kilitua pale tarehe 1 Julai 2024, na bado tuliona mapaa yaliyofunikwa maturubai. Vyumba vya kulala wageni vilikuwa vichache. Ukitaka kulala kule ongea na mwenye nyumba kwa simu, akuambie leo paa likoje, usitegemee picha. Picha nyingi nilizoziona zilikuwa za kabla ya Beryl.

Picha! Hapo ndipo hasira zinaponirudi. Nikiwa Grenada nilikaa usiku mmoja nikayasoma upya maoni ya wageni wa ile nyumba ya Barbados, nikayapanga kwa miezi. Wa Desemba, Januari na Februari wote wanasifu. Wa Mei mpaka Agosti wanataja harufu, mmoja baada ya mwengine, na mwenye nyumba amemjibu kila mmoja kwamba "ni jambo la nadra". Mimi nilisoma yale matano ya juu tu, yote ya hiyo miezi ya Desemba mpaka Februari. Soma maoni ya mwezi ule ule utakaokwenda. Chuo Kikuu cha South Florida hutoa kila mwezi taarifa ya sagasamu kwa picha za satelaiti, bure, unaona mwani uko wapi na wingi wake. Mzee yule angeweza kunitumia hiyo taarifa. Angeweza kuniambia, "Dada, mwezi huu si mzuri, njoo Januari."

Na Januari, wallahi, pengine ningempa nyota nne. Nyumba yenyewe, kusema haki, ilikuwa nzuri. Vitanda safi, jiko lina kila kitu mpaka kijiko cha kukunia, na upepo wa joshini ukiwa safi hauna mfano. Mwaka mwingi bahari ile hupendeza. Mtu asiye na pumu, akienda nje ya miezi hiyo, atasema mimi nimezusha.

Kisha namkumbuka alivyocheka, natamani nyumba ile isipate mgeni tena.

Kulikuwa na mama wa usafi. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kiyoyozi kile ni cha tatu, kwa sababu gesi ya mwani inakula shaba ya ndani. Aliona mtoto anavyokohoa, akaenda kwao akarudi na feni yake mwenyewe ameibeba kwenye basi, akatuwekea chumbani. Akasema, "Samahani, binti," kana kwamba kosa lilikuwa lake. Nikilala chini nikiwaza kuiharibia nyumba ile jina, naona nitamharibia yeye kazi.

Pete yangu ya fedha, aliyonivisha mume wangu Jambiani, iligeuka nyeusi kwa siku mbili nilizokaa pale. Nimeisugua kwa magadi, nimeisugua kwa ndimu na chumvi. Nje imerudi, lakini maandishi ya ndani bado ni meusi. Nyota niliweka mbili. Juzi niliingia kuzipunguza ziwe moja, nikaikumbuka ile feni, nikaziacha.